Breli Ianzie Kwenye Mchezo

Asanteni sana kwa kunikaribisha, walimu wenzangu, wazazi, walezi, na nyie kaka na dada wa hawa watoto ambao nawaona mmekaa kule nyuma, karibuni sana na msiondoke mapema, maana kazi yenu kwenye hii mada ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa niongee kuhusu kuwafundisha watoto wasioona na wenye uoni hafifu kusoma nukta nundu, yaani breli, kwa njia ya michezo. Naomba niseme mapema ninachoamini ili mtu akichoka kunisikiliza awe amekipata: kwa mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, somo lote la breli linaweza kuwa mchezo na bado likawa somo kamili lenye mpango na lengo, ila mchezo wenyewe lazima uwe ni ule ambao mtoto hawezi kuucheza bila kugusa nukta. Hapo ndo wengi tunapotelezea, nitarudi kueleza.

Kwanza mfikirieni mtoto anayeona. Kabla hajafika darasa la kwanza ameshaziona herufi kwenye maboksi, kwenye nguo, kwenye magari, kwenye simu ya mama, ukutani, kwenye tivii, na hakuna aliyemkalisha chini kumwonyesha, zimemjia tu. Ameshashika kalamu akachora michirizi isiyosomeka akasema nimeandika barua na nyumba nzima ikampigia makofi. Sasa huyu wetu asiyeona hana nukta inayomfuata alipo. Breli haimjii mtu kwa bahati, lazima awepo mtu aliyeiweka pale kidole chake kitakapopita. Kwa hiyo mara nyingi siku ya kwanza ya huyu mtoto kukutana na breli inakuwa ndo siku hiyo hiyo anayotakiwa kuisoma, anawekewa karatasi imejaa vinundu anaambiwa hii a, hii b, tulia, usisugue, rudia tena, alafu tunashangaa akisema breli ngumu.

Na kweli vile vinundu ni vidogo jamani. Seli moja ya breli, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta 6 zilizokaa safu mbili, kushoto ni 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, kulia ni 4, 5, 6. Kati ya nukta na nukta ni kama milimita 2.5, na nukta yenyewe imeinuka kama nusu milimita tu. Mtu mzima mwenye kuona ukimfumba macho ukamwekea kidole juu ya herufi f atakwambia nasikia mikwaruzo. Mtoto anahitaji muda mrefu wa vidole kuzoea kabla hatujamdai majibu, na muda mrefu wa kufanya kitu kile kile bila kuchoka, kwa mtoto, unapatikana kwenye mchezo.

Tukumbuke pia hii kitu ilitoka kwa nani. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 Ufaransa, akaumia jicho akiwa na miaka mitatu kwa kuchezea kifaa chenye ncha kwenye karakana ya baba yake, upofu ukafuata macho yote mawili. Mwaka 1819 akapelekwa shule ya vijana wasioona Paris ambako vitabu vilikuwa vinachapishwa kwa herufi za kawaida zilizovimbishwa kwenye karatasi, herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya macho, kusoma ukurasa mmoja ilikuwa shughuli nzito na kuandika ndo kabisa. Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alikuwa amebuni mfumo wake wa nukta 12, wazo zuri lakini seli ilikuwa kubwa, kidole hakiimezi kwa mara moja. Huyu kijana akapunguza mpaka 6, na kufikia 1824, akiwa na miaka 15, mfumo ulikuwa umeshasimama, ukachapishwa 1829. Uongozi wa shule ulikuja kuupiga marufuku kwa muda miaka ya 1840 na wanafunzi wakaendelea kuutumia kwa siri. Hapo mimi huwa nasimama kidogo, kwa sababu watoto hawafanyi kwa siri kitu ambacho hakina faida kwao. Breli ilikuwa inawapa uwezo wa kuandikiana, kuweka siri zao, kusoma wanachotaka wao. Na hicho ndo tunachotakiwa kukirudisha kwenye mikono ya mtoto wa miaka minne, nukta ziwe na faida kwake leo, zisimsubirishe mpaka atakapofanya mtihani.

Sasa nirudi kwenye ule mchezo ambao hauchezeki bila kugusa nukta.

Kuna gemu moja la makopo linapendwa sana. Unachukua makopo matatu yanayofanana, kila moja unaweka kitu tofauti ndani, kwenye mfuniko unabandika lebo ya herufi, alafu unamwambia mtoto tafuta lenye kengele, lile lina herufi k. Nimemwangalia mtoto mmoja akicheza hili gemu, mvulana mchangamfu wa miaka kama mitano, mkono wake haukugusa hata lebo moja. Alichukua kopo la kwanza akalitikisa karibu na sikio, akaweka chini, akachukua la pili akatikisa, kengele ikalia, akalinyanyua juu kwa ushindi. Watu wakapiga makofi. Amefanya vizuri kabisa, ametumia akili, ila breli haikuwepo pale. Mwalimu wake hakusema kitu, raundi iliyofuata akajaza pamba kwenye makopo yote yasilie. Yule mtoto akatikisa, kimya. Akatikisa la pili, kimya. Akanusa. Ndo mkono wa kulia ukaanza kutembea juu ya mfuniko taratibu, ukafika kwenye lebo ukasimama, ukapita tena, mkono wa kushoto umekamata kopo lisikimbie, na midomo yake inahesabu nukta, moja... tatu. Akasema kwa sauti ya chini, hii k. Akafungua na kengele ilikuwemo. Baada ya hapo hakutikisa tena kopo hata moja.

Naomba walimu mlichukue hilo la pamba. Mtoto asiyeona ana masikio, ana pua, ana kumbukumbu kali ya vitu vilivyopangwa wapi, na atatumia njia rahisi kwanza kama mtu yeyote. Ukiandaa gemu jiulize, anaweza kushinda bila kusoma? Kama anaweza basi umeandaa gemu zuri la kusikiliza, sio la breli, lifanyie marekebisho.

Kabla ya herufi kuna vidole. Huwa nasikitika nikiona watu wanarukia a b c kwa mtoto ambaye hata kufungua mfuniko wa chupa hajawahi kwa sababu kila kitu anafunguliwa. Vidole vya breli vinataka nguvu na vinataka wepesi, vyote viwili. Nguvu inakuja kwa kufinyanga udongo, kubana na kubanua vibanio vya nguo, kutunga shanga, kuchana karatasi, kukaza na kulegeza mifuniko. Wepesi wa mguso unakuja kwa kutafuta tofauti: changanya vifungo vya aina mbili kwenye bakuli atenge, mpe vipande vya vitambaa atafute viwili vinavyofanana. Alafu taratibu sogea kwenye mistari. Chapa mstari mzima wa seli zilizojaa nukta zote sita, katikati ruka nafasi moja, mwambie hii ni barabara na kidole chako ni gari, nenda mpaka uanguke kwenye shimo. Anacheka, anarudia, anakimbiza gari, na wakati huo amejifunza mambo matatu makubwa ya msomaji wa breli: kwenda kushoto kuelekea kulia bila kupotea mstari, kugusa kiwepesi kwa sababu gari likikandamizwa haliendi, na kusoma kidole kikiwa kinatembea. Hilo la mwisho watu hawalijui, kidole kilichosimama juu ya nukta kinapata kidogo sana, mguso unaamka kidole kikisogea. Mtoto anayesugua herufi juu chini juu chini anatafuta huo mwendo, sasa mpe mwendo wa kwenda mbele.

Trei la mayai wengi mnalijua. Kata kipande chenye mashimo sita, mbili kwa tatu, mpe mipira midogo sita, basi una seli kubwa ambayo anaweza kuijaza na kuitoa. Ni kifaa kizuri sana cha kuelewa nukta 1 inakaa wapi na nukta 6 inakaa wapi. Ila naomba msikae nacho mwaka mzima. Seli kubwa inafundisha mpangilio, haifundishi kusoma, maana kusoma ni kidole kimoja kuipata herufi nzima kwa mpito mmoja na trei la mayai huwezi kulipata kwa kidole. Mtoto akishajua nafasi, mchezo uende kwenye nukta za ukubwa wake halisi hata kama bado anakosea. Kuna na yale matofali ya plastiki ya LEGO yaliyoanza kusambazwa mwaka 2020, vinundu vya juu vimepangwa kama herufi ya breli na chini yake imechapwa herufi ya kawaida ili anayeona naye acheze. Mazuri sana, ila usiyasubiri. Vifuniko vya chupa na gundi kwenye ubao vinafanya kazi.

Sasa gemu ninalolipenda kuliko yote na halihitaji kifaa. Linaitwa nani katoka. Watoto wanne wanasimama mraba, wawili mbele wawili nyuma. Wa mbele kushoto ni nukta 1, nyuma yake nukta 2, wa mbele kulia ni 4, nyuma yake 5. Wote wanne wakiwepo ni herufi g. Mchezaji anapita kati yao anawagusa mabega anataja namba. Alafu anatoka pembeni, mmoja anachomoka kimya kimya, anarudi kutafuta nani katoka. Akitoka 1 imebaki j. Akitoka 2 imebaki d. Akitoka 4 ni h, akitoka 5 ni f. Mmeona hapo? Zile herufi nne ambazo watoto huzichanganya mpaka wanalia, d, f, h, j, ambazo kwenye karatasi zote ni nukta tatu za kona na zinatofautiana tu kona ipi haipo, mtoto amezijua kwa kutembea ndani yake. Baada ya hapo ukimpa d kwenye karatasi mwambie tu tafuta nani katoka, utaona kidole kinavyoenda kutafuta lile pengo.

Jambo dogo la kiufundi ambalo linaharibu michezo mingi. Kadi za breli zikatwe kona ya juu kulia. Anayeona akishika kadi kichwa chini anaona tu kuwa imegeuka, mtoto asiyeona hana cha kumwambia, na breli ikigeuka inakuwa kitu kingine kabisa, w ukiipindua inasomeka r, na p ukiipindua inakuwa alama ya namba. Mtoto anasoma sawa sawa alafu anaambiwa umekosea kumbe kadi ndo imepinduka, hiyo inaumiza na inamfanya asiamini vidole vyake. Kata kona. Na vitu vya kuchezea viwe kwenye sinia au boksi lenye kingo, kipande kikidondoka sakafuni gemu limeisha.

Niongee na wazazi kuhusu mikono. Najua mnapenda kusaidia, nasi walimu tunapenda, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kumkamata mtoto kiganja na kukipeleka kwenye herufi, shika hapa, gusa hapa. Mikono ya huyu mtoto ndo anaonea, ndo anasomea, ndo anashikia kijiko. Kuikamata na kuipeleka popote bila ruhusa ni sawa na mtu kukushika kichwa na kukugeuzia macho kila anapotaka yeye. Wengine ndo wanaanza kukunja ngumi wakisikia tu karatasi. Fanya kinyume, weka mkono wako chini ya wake. Mkono wako unaenda kwenye nukta, wake umelala juu ya wako anaufuata akitaka, na akitaka kutoa anatoa. Mkishafika unavuta vidole vyako polepole vyake vinabaki kwenye nukta. Inachukua muda zaidi, tena sana, lakini anayefika kwenye nukta kwa hiari yake atarudi tena kesho.

Herufi zipi zianze? Wengi wanafuata a b c mpaka z kwa sababu ndivyo ubao ulivyo. Mimi naanza na herufi ya kwanza ya jina lake, iwe kwenye kikombe chake, kitanda chake, begi lake, ndoano yake ya kutundikia koti. Baada ya hapo naangalia lugha yetu, na lugha yetu ina neema hapa. Herufi a ni nukta 1, b ni 1 na 2, k ni 1 na 3, l ni 1, 2 na 3, zote nne zinakaa safu ya kushoto tu, na kwa hizo nne tu mtoto anasoma baba, kaka, lala. Ukichapa kila neno kwenye kadi yake una gemu tayari: mmoja anachomoa kadi mbili anasoma kwa kidole, akisoma baba lala basi baba mzima hapo sebuleni lazima ajitupe kwenye kochi na akorome. Watoto wanapenda kupita maelezo kumwamrisha mtu mzima kwa maandishi. Anaona kwamba nukta zikisomwa kitu kinatokea.

Na kuandika kuwepo tangu mwanzo. Mashine ya Perkins, ile iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutoka mwaka 1951, ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na cha katikati cha kuruka nafasi. Ni nzito, karibu kilo 5, na vitufe vinataka vidole vyenye nguvu, kwa hiyo pale udongo wa kufinyanga unapoanza kulipa. Muache mtoto aibonyeze ovyo. Ndiyo, ovyo kabisa, ajaze karatasi nukta zisizo na maana alafu akusomee barua yake, hiyo ndo ile michirizi ya mwenzake anayeona. Ukisikiliza utamsikia anasoma habari ndefu huku kidole kinapita mstari kwa mstari, ina maana ameshaelewa maandishi ni nini hata kama hajaandika herufi moja sahihi. Sleti na stailasi, yaani kibao chenye vidirisha na kisindano cha kutobolea nukta kwa mkono, nazo zina wakati wake, ila kumbukeni kule anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto na herufi inakuwa imegeuzwa, kwa mdogo inachanganya, kama mashine ipo ianze mashine.

Kaka na dada nilisema nitawafikia. Mtoto asiyeona mara nyingi anakuwa msikilizaji wa michezo ya wenzake, anasikia vicheko hajui kilichotokea. Nyie mnaweza kujifunza herufi zote za breli kwa macho haraka sana, kwa sababu mpangilio unarudia: kumi za kwanza a mpaka j, ukiongeza nukta 3 unapata k mpaka t, ukiongeza 3 na 6 unapata u, v, x, y, z, na w peke yake inakaa pembeni kwa sababu Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji. Mkishajua, andikianeni. Ficheni kitu chumbani, acheni kikaratasi chini ya mto kinachosema kipo wapi. Na mkicheza karata au domino zenye nukta semeni kwa mdomo mlichocheza, kila mara, ili naye awe ndani ya gemu.

Kuna mzazi ataniuliza, na ni swali la haki, siku hizi simu inasoma yenyewe kila kitu, breli ya nini? Simu nzuri, atumie. Lakini sauti haimwonyeshi neno linaandikwaje, linaishia wapi, koma iko wapi, hesabu imepangwaje. Mtu anayesikiliza tu anaweza kufika utu uzima hajui jina lake linaandikwaje. Na tena kuna vifaa vya breli vinavyounganishwa na hizo simu nukta zikapanda na kushuka chini ya vidole, ila vinamfaa anayejua breli. Mwaka 1996 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu waliopofuka wakiwa wadogo, wakisoma breli ile sehemu ya ubongo ambayo kwetu inahudumia kuona ilikuwa inafanya kazi. Ubongo wa hawa watoto unaisubiri hii kazi, tuipeleke mapema.

Nimeongea vya kutosha, mikono ndo inatakiwa ifanye kazi sasa. Mezani kuna makopo, pamba, kadi tupu, mkasi, vifuniko, gundi, na mashine mbili za Perkins. Tukae watu watano watano, kila kundi liwe na angalau mzazi mmoja na kaka au dada mmoja, mtengeneze gemu moja kwa kutumia a, b, k na l, alafu mbadilishane na kundi la jirani walicheze wakiwa wamefumba macho, na kazi yao ni kutafuta njia ya kushinda bila kusoma. Wakiipata, mnarudi kulirekebisha. Maswali niulizeni nikiwa napita mezani.